Maswali mnayoniulizaga sana kuhusu kupiga kwenye softiboli ya fastipichi: swingi, nyonga, na mwili wa mtoto kwa ujumla

Wazazi wenzangu, kila msimu ukianza simu yangu inajaa meseji za sauti na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja. Kwa msionijua, mimi ni mama, kwetu Morogoro, shuleni nilicheza netiboli, saa hizi naishi Fort Worth, Texas na huu ni msimu wangu wa sita nafundisha wasichana wa chini ya miaka 12 kupiga. Kwenye timu yetu watoto kama sita wanaongea Kiswahili nyumbani, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, na wazazi wao wengi beti, lile gongo la kupigia mpira, walikuwa wanaiona kwenye tivii tu. Nitajibu kama ninavyoongea uwanjani.

Hii fastipichi ni nini? Ni besiboli ya wasichana?

Ni ndugu lakini sio kitu kimoja. Softiboli ilianzia Chicago mwaka 1887, tena ndani ya ukumbi, jamaa mmoja anaitwa George Hancock alichukua glovu ya ndondi akaifunga kamba ikawa ndo mpira, na mpini wa ufagio ukawa beti. Leo mpira una mzingo wa inchi 12, pitcha, yaani anayemrushia mpigaji mpira, anauzungusha mkono mzima na kuachia mpira kutokea chini, pale kwenye nyonga, na anasimama karibu sana na mpigaji. Chini ya miaka 10 ni futi 35 na wanatumia mpira mdogo wa inchi 11, chini ya 12 ni futi 40, kuanzia chini ya 14 mpaka vyuoni na Olimpiki ni futi 43, yaani kama mita 13 tu.

Sasa piga hesabu. Monica Abbott, pitcha wa Marekani, aliwahi kurusha maili 77 kwa saa mwaka 2012, ikaingia Guinness. Pitcha mzuri wa chuo anarusha 65 hivi, na mpira huo ukitoka mkononi unakufikia kwa takriban sekunde 0.4, na swingi yenyewe, yaani kuzungusha beti, peke yake inakula karibu nusu ya huo muda. Hamna nafasi ya mtoto kusimama pale na kukumbuka kiwiko kiwe wapi na goti liwe wapi. Ndo maana majibu yangu mengi hapa chini yanarudi palepale, mwili ufundishwe ujue wenyewe.

Mwanangu ana nguvu, mikono mikubwa, lakini mpira unatoka polepole kama amesukuma. Kwa nini?

Kwa sababu anapiga kwa mikono. Hili ndo swali kubwa kuliko yote kwahiyo nivumilieni nitakaa hapa.

Mliosoma shule ya msingi nyumbani mnalikumbuka fyekeo. Mnakumbuka mtoto mgeni wa darasa la tatu akipewa fyekeo, anafyeka kwa bega tu, dakika tano mkono umekufa ganzi na majani yamelala tu hayajakatika. Halafu anakuja dada wa darasa la saba, mwembamba tu, anatanua miguu, anarudisha fyekeo nyuma, kiuno kinaanza kurudi mbele wakati fyekeo bado liko nyuma, mkono unafuata mwishoni kama mkia, unasikia fyaa, na eneo lote jeupe. Nguvu ya yule dada haikuwa kwenye mkono, mkono ulikuwa unaburutwa tu na kitu kikubwa kilichoanzia chini.

Beti ni hivohivo. Inaanza ardhini, mguu unasukuma, nyonga zinageuka kuelekea kwa pitcha, kifua kinafuata, mikono inafuata, beti inakuja mwisho kabisa ikiwa na spidi kuliko vyote vilivyotangulia. Na kuna sekunde kidogo sana pale katikati ambapo nyonga zimeshageuka ila mabega bado hayajaondoka, ubavu unavutika kama mpira wa manati. Ule mvuto ndo unaorusha. Mtoto ambaye nyonga na mabega vinaondoka pamoja kama mlango unaofunguka hajavuta manati yake, na mtoto ambaye mikono inatangulia kabisa ameshaachia jiwe kabla ya kuvuta. Anaweza kuwa na mikono kama ya baba yake na bado mpira utaishia kwa pitcha.

Jaribu hivi nyumbani. Mwambie ashike beti, weka kiganja chako kwenye ncha ya beti ikiwa nyuma ya bega lake, uizuie kidogo, halafu mwambie aanze kugeuka taratibu bila kutumia mikono. Atahisi tumbo na ubavu vinakaza. Muulize "umesikia wapi?" Akijionyesha ubavuni, ameelewa zaidi ya maneno elfu moja ya kwangu.

Asimame vipi?

Hapa sina mengi. Miguu ipite upana wa mabega kidogo, magoti laini, uzito uwe mbele ya nyayo na sio kwenye visigino, macho yote mawili yamwone pitcha, mikono karibu na bega la nyuma bila kubana beti kama anataka kuinyonga. Ukiangalia wapigaji wakubwa kila mmoja anasimama kivyake, mwingine wima, mwingine amechuchumaa kidogo, na wote wanapiga. Kipimo changu ni kimoja, nikimsukuma begani kidogo asiyumbe, na nikimwambia "ruka!" aweze kuruka hapohapo bila kujipanga upya.

Anachelewa kila siku. Nimwambie aanze mapema?

Ukimwambia "anza mapema" ataanza kuzungusha beti mapema, na hilo sio tunalotaka. Kinachotakiwa kuanza mapema ni kujivuta nyuma.

Kumbukeni kuruka kamba. Wawili wanazungusha, wewe uko pembeni unataka kuingia. Huingii tu kama umesukumwa, unaanza kucheza na mdundo kwanza, mwili unaenda mbele na nyuma pamoja na kamba, halafu ikigonga chini unaingia. Mkono wa pitcha wa fastipichi unazunguka duara kama ile kamba, kabisa! Unapopanda juu, wewe unajivuta, uzito unaingia kwenye nyonga ya nyuma na mikono inarudi kidogo. Unaposhuka, unasogeza mguu wa mbele. Mpira ukiachiwa pale nyongani, mguu wako unatua au uko karibu kutua. Watoto wangu wanasimama nje ya boksi, ile mistari anamosimama mpigaji, wakisubiri zamu na wanacheza na mkono wa pitcha hivohivo, bila hata beti, na mtoto aliyefanya hivo mara kumi akiingia boksi anakuwa ameshaingia kwenye kamba tayari.

Hatua yenyewe iwe fupi, shibiri moja, moja na nusu inatosha. Na atue kama mtu anayekanyaga sakafu usiku wakati mtoto mchanga amelala chumba hichohicho. Akitua kwa kishindo uzito wote umeshaenda mbele, na pitcha akimtupia mpira wa polepole wa kumdanganya hana tena cha kupigia, mwili umeshapita. Akitua kimya anaweza kusubiri. Mguu umetua, mikono bado nyuma. Hiyo picha ndo naitafuta kuliko zote.

Kila mtu pembeni anapiga kelele "inua kiwiko!" Na wewe unasema hivo?

Hapana, na naomba tuache. Mtoto akisikia hivo anapandisha kiwiko cha nyuma mpaka bega linagusa sikio, shingo inakaza, na swingi ikianza kile kiwiko lazima kishuke kije karibu na mbavu, kwahiyo tumempa safari ndefu zaidi bila sababu. Kiwiko kikae kinapokaa chenyewe mikono ikiwa imelegea. Angalieni kiko wapi mguu wa mbele unapotua na wakati beti inagusa mpira, huko ndo kuna maana.

Kocha wa zamani alimfundisha "ponda mende" kwa mguu wa nyuma. Ni sahihi?

Wazo lilikuwa zuri, walitaka nyonga zigeuke. Shida ni kwamba mtoto anaponda kweli, anazungusha kidole palepale alipo, uzito wote umebaki nyuma, anageuka kama feni ya mezani bila kwenda popote. Ukitazama wapigaji wa vyuo kwenye video ya polepole utaona mguu wa nyuma unasukuma kwanza, goti linaingia ndani na mbele, kisigino kinanyanyuka, na wakati wa kugusa mpira kidole gumba kinaburuta tu mavumbi au kimeachana na ardhi kabisa. Uzito umeenda.

Lakini umeenda wapi? Umegonga mguu wa mbele. Hapa nawapa mfano wa daladala. Daladala ikiwa kasi na dereva akafunga breki ghafla, gari linasimama ila waliosimama ndani wanarushwa mbele. Mguu wa mbele ndo breki, unanyooka na kukaza, na nguvu iliyokuwa inakuja inapanda juu kwenye kifua na mikono. Goti la mbele likiendelea kukunjika wakati wa kupiga, breki haijashika, na mpira utaenda lakini sio kama ungeweza. Watoto wengi wa miaka 11 shida yao ni breki kuliko injini.

Apige kwa kushuka au kwa kupandisha?

Watu wanagombana sana kwenye hili. Pale mfano wangu wa fyekeo unapofika mwisho ndo hapa, maana fyekeo linashuka kwenye majani na beti haitakiwi kufanya hivo. Mipira mingi ikifika kwa mpigaji inakuwa inashuka kidogo. Ukipiga kwa kushuka kama unapasua kuni, beti na mpira vinakutana kwenye nukta moja tu, ukikosea kidogo unakosa wote au unaugonga kichwani unaenda kubingirika. Beti ikiingia mapema kwenye njia ya mpira na kupanda kidogo tu, kidogo, inakaa kwenye njia hiyo kwa muda mrefu, na hata akichelewa au kuwahi kidogo bado anaupata.

Ila ukimwambia mtoto "pandisha" anadondosha bega la nyuma na kupiga mawingu. Kwahiyo silitumii hilo neno. Namwekea ti, kile kijiti cha kuwekea mpira, namuonyesha alama kwenye neti iliyo juu ya kichwa cha pitcha kidogo, namwambia "piga pale." Basi. Mwili unatafuta njia.

Na kuhusu ule mpira unaopanda, wa fastipichi, unaachiwa chini pale kwenye paja ukielekea juu, na mzunguko wake unauzuia usianguke kama jicho linavyotegemea, ndo maana watoto wanapiga chini yake. Dawa ya mwanzo ni kuuacha. Ukianza juu ya kifua, usiuguse.

Mwanangu akiwa nyumbani anapiga vizuri, akija uwanjani anaganda. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni sisi. Niwaambie kilichotokea msimu uliopita. Alikuja binti wa miaka 11, familia yake Wakongo, hajawahi kushika beti, lakini anakimbia usipime. Wiki ya tatu nikamkuta kwenye ti, amesimama kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikamuuliza unafikiria nini? Akaanza kuhesabu kwa vidole: kiwiko, goti, jicho kwenye mpira, mende, usivute kichwa, mikono ndani, malizia juu. Vitu saba! Vingine vilitoka kwa baba yake, vingine kwa kocha wa kulipia, na viwili nilipoviskia nikajua ni vya kwangu mimi mwenyewe.

Nikamnyang'anya beti. Nikachukua mpira wa miguu uliopungua upepo, nikamwambia simama ubavu kwa fensi, urushe kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, uitoboe. Wa kwanza ukaanguka njiani. Wa pili akacheka. Kufika wa sita alikuwa anajivuta nyuma bila kuambiwa, anakanyaga, kiuno kinatangulia, mpira unagonga fensi mpaka wachezaji wa uwanja wa pili wanageuka. Nikamrudishia beti bila kusema neno lolote, nikaweka mpira kwenye ti. Ule mlio jamani. Mpira ukipigwa katikati ya beti una mlio wake, mzito na mfupi, na yeye mwenyewe aliusikia maana aliganda na beti begani anautazama mpira ulivyozama kwenye neti. Tangu siku hiyo kwake natumia neno moja tu, "fensi."

Kwahiyo ushauri wangu kwenu wazazi mlio pembeni, siku ya mechi msiseme chochote cha ufundi. Mwite jina, mpigie makofi, na shangilia. Na mazoezini mtoto apewe kitu kimoja kwa siku, na kiwe kitu cha kufanya ("itoboe fensi", "tua kimya") na sio kiungo cha mwili cha kukichunga.

Nyumbani tufanye mazoezi gani? Hatuna uwanja wala mashine.

Vizibo vya soda. Naongea kwa moyo wote, vizibo vya soda na mpini wa ufagio. Mama au baba unakaa mbele pembeni kidogo, umevaa miwani ya kukinga macho na yeye pia avae, unamrushia kizibo polepole kutoka chini, yeye anapiga. Kizibo kinacheza hewani, kinapinda, na mpini ni mwembamba, kwahiyo jicho linalazimika kufanya kazi. Mahindi makavu na maharage pia yanafaa. Baada ya wiki tatu mpira wa inchi 12 unaonekana kama tikiti.

Ti ni ya pili. Msiweke mpira katikati kila siku. Mpira wa ndani uwekwe mbele zaidi, sawa na mguu wa mbele au uupite kidogo, wa nje uwekwe nyuma kidogo, kwa sababu ndo sehemu vinapokutana kwenye mechi. Weka na juu, weka na chini, achuchumae kwa magoti na sio kwa kuinamisha mgongo.

Ya tatu, ule mpira wa miguu uliopungua upepo uweke kwenye ti aupige na beti kuukuu. Ni mzito, akigusa na kusimama hauendi, inabidi apite nao mpaka mikono inyooke. Na ya nne, kutembea. Anaanza hatua mbili nyuma, anatembea kuelekea kwenye mpira na kupiga bila kusimama. Watoto wagumu kama ubao wanalainika kwenye hii kuliko zote.

Swingi 40 au 50 za moyo kwa siku, siku nne kwa wiki, kisha muachie akacheze. Swingi 200 za uchovu zinafundisha mwili kupiga kwa uchovu.

Unasema sana "mwili wa mwanamichezo." Unamaanisha nini?

Namaanisha mtoto anayeweza kukimbia, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka na kutua, kurusha, kukwepa. Sisi tulipata haya bure. Rede peke yake, una wawili wanakurushia mpira kutoka pande mbili na wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa, ile ni shule nzima ya miguu na macho. Ongeza nage, kuruka kamba, kupanda mwembe, kurusha mawe. Watoto wetu huku wanatoka kwenye gari wanaingia darasani, wanatoka darasani wanaingia kwenye gari, halafu tunataka nyonga zao zijue kugeuka kwa nguvu saa kumi na mbili jioni Jumanne na Alhamisi.

Dakika 20 za mwanzo za mazoezi yangu hakuna beti. Tunacheza rede kweli, na watoto wa Kimarekani wanaipenda mno. Mbio fupi za hatua 15, kuruka pembeni na kutua kwa mguu mmoja bila goti kuangukia ndani, kurusha mpira mzito wa kilo 2 ubavu kwa ubavu ukutani. Mnamjua Jocelyn Alo, binti wa Hawaii aliyecheza chuo cha Oklahoma? Alimaliza mwaka 2022 na homurani 122 (mipira iliyopigwa mpaka nje ya uwanja), rekodi ya zamani ya chuo ilikuwa 95 ya Lauren Chamberlain. Huyo Alo shuleni alikuwa pia anacheza mieleka na alikuwa bingwa wa jimbo. Mieleka ni nyonga tupu. Kwahiyo mkiniuliza kama mtoto aache mpira wa kikapu ili apige softiboli mwaka mzima, jibu ni asiache, na mimi ndo nitakuwa wa mwisho kumwomba aache.

Anyanyue vyuma?

Akiwa na mtu anayejua anamsimamia, ndio, hata kabla ya kubalehe, kwa uzito mdogo na mkao mzuri. Aanze na mwili wake, kuchuchumaa, kupiga pushapu, kubeba ndoo mbili za maji na kutembea wima. Habari ya kudumaa kwa sababu ya mazoezi ya nguvu haina ukweli.

Alikuwa anapiga vizuri sana, sasa ana miaka 13 na kila kitu kimeharibika.

Dada zangu hili ni la kwetu na tuliongee vizuri. Mwili unapobadilika, miguu inarefuka kwa miezi michache, nyonga zinatanuka, uzito unahama, na ubongo bado unatumia ramani ya mwili wa zamani. Swingi iliyokuwa inafika kwa wakati inaanza kuchelewa, miguu inajikwaa. Hajazembea na hajasahau. Ni kipindi hiki wengi wanaacha mchezo kwa aibu, na pia ndo kipindi magoti ya wasichana yanaanza kuwa hatarini zaidi, kwahiyo zoezi la kuruka na kutua ndo la kukazania. Punguzeni mazungumzo ya ufundi, ongezeni nguvu za miguu, mpeni miezi. Na mwulizeni kimyakimya kama ana sidiria nzuri ya michezo, kuna watoto wanakunja mabega kwenye boksi kwa sababu hiyo tu na makocha wanadhani ni tatizo la mkao.

Beti gani ninunue? Nimeona za dola 400.

Usinunue hiyo. Kwa mtoto anayeanza, beti iliyotumika inatosha kabisa, ikague tu haina ufa na ina muhuri unaokubalika kwenye ligi yenu. Ashike mwisho wa mpini kwa mkono mmoja, anyooshe mkono pembeni usawa wa bega, akishindwa kuhesabu mpaka 20 bila beti kuanguka, ni nzito. Miaka 11 na 12 wengi wanaangukia inchi 29 mpaka 31. Wazazi wanapenda kununua kubwa "ataikulia," viatu sawa, beti hapana, maana beti nzito inamfundisha kuvuta kwa mikono na kudondosha bega, na tabia hiyo itabaki hata akishaikulia.

Wamemwambia ahamie upande wa kushoto awe anapiga akikimbia. Nikubali?

Upande wa kushoto uko karibu na besi ya kwanza, kituo anachokimbilia mpigaji, na besi zikiwa zimeachana futi 60 hatua mbili ni kitu kikubwa, kwahiyo kwa mtoto mwenye mbio ni silaha ya kweli. Ila ajifunze swingi kamili kwanza, au basi avifunze vyote pamoja. Msikubali mtoto wa miaka 10 afanywe wa kukimbia tu eti kwa sababu ni mwembamba.

Nimrekodi kwa simu?

Ndio, kwa ule mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Chukua kutoka ubavuni upande wa kifua chake, na nyingine kutoka nyuma ya neti. Simamisha pale mguu wa mbele unapogusa chini na uangalie mikono, iko nyuma bado au imeshaanza safari? Kisha angalia kichwa, tangu hapo mpaka kugusa mpira kimesogea kiasi gani? Hayo mawili yanatosha. Na usimuonyeshe kila siku, mara moja kwa wiki mbili, na uanze na swingi yake nzuri kuliko zote.

Nimlipie kocha binafsi?

Kuna wazuri sana. Binti yangu nilimlipia mmoja mwaka wa pili, alikuwa anamsimamisha kila swingi na kumpanga kiungo kimoja kimoja kama sanamu, dakika 30 mtoto anapiga mipira 12. Baada ya miezi miwili alikuwa na mkao wa kupendeza na hagusi mpira unaorushwa. Kwahiyo mkienda, kaa pembeni uhesabu. Mtoto anatembea, anapiga mipira mingi inayorushwa, anacheka, anatoka jasho? Lipa. Anasikiliza mihadhara? Ondokeni.

Hijabu, taiti na mfungo wa Ramadhani inakuwaje?

Kwenye timu yetu wapo wanaovaa hijabu ya michezo chini ya helmeti, mikono mirefu na taiti chini ya suruali, na hamna aliyewahi kusumbuliwa, mwambieni tu kocha mapema. Ramadhani naipunguza kazi kwa wanaofunga, hakuna mbio, tunafanya vizibo na ti polepole, na wengine huja baada ya futari uwanja ukiwa na taa. Mtoto asijifiche kwamba amefunga, kwenye joto la Texas lazima nijue.

Atapata skolashipu?

Inawezekana ila msimfundishe kwa ajili hiyo. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 12 tu za kugawana wachezaji wote, kwahiyo wengi walipata nusu au robo. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vilivyoingia utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji 25, na wote wanaweza kupewa skolashipu, badala ya ile 12. Hela zipo kwa wachache sana, mmeona NiJaree Canady alipohamia Texas Tech mwaka 2024 kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, na huyo ni pitcha wa kipekee. Mimi nawaambia watoto habari nyingine, kwamba softiboli ya Olimpiki ya 2028 itachezewa Oklahoma City, kama masaa matatu kwa gari kutoka hapa, na tunaweka akiba twende wote.

Siku ya kwanza aje na nini?

Maji mengi, viatu vya njumu kama unavyo au raba tu, na glovu ya kuazima ipo. Helmeti yenye kinga ya uso tunayo. Na nywele, hili nawaomba sana maana kila mwaka kuna mtoto analia Jumamosi asubuhi. Msimsuke mabutu ya juu wala kumfunga kifundo utosini wiki ya kuanza, helmeti haiingii, na ikiingia inamkalia juu, inacheza kila akigeuka, na mtoto anapiga huku mkono mmoja unataka kuirekebisha. Twende kilioni zilizolala, mkia ushuke chini shingoni. Shanga ngumu ulizeni kwanza kwenye ligi yenu. Na mumlete robo saa kabla, rede tunaanza saa kumi na mbili kamili jioni na hakuna anayependa kuikosa.